Naomba ushauri: mwanafunzi anayevuruga darasa huku akionekana kuelemewa
Ndugu wakufunzi wenzangu, katika darasa langu chuoni yupo mwanafunzi ambaye kwa wiki tatu sasa amekuwa akinikatiza, akiwajibu wenzake kwa ukali na kutoka nje akibamiza mlango, ilhali muhula uliopita alikuwa mtulivu na kazi zake alizikabidhi kwa wakati. Mabadiliko haya ya ghafla ndiyo yanayonitia hofu, kwa kuwa ukorofi wa namna hii mara nyingine huficha msongo wa mawazo au msiba. Nilizungumza naye faraghani. Akalia, kisha akasema haoni faida ya kuendelea. Nilimuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua, maana kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Alikana, nami nikamsindikiza kwa mshauri nasaha siku hiyo hiyo.

Kinachonitatiza sasa ni darasa lenyewe: wenzake wana haki ya kusoma kwa utulivu, lakini nikimfikisha kwenye kamati ya nidhamu nachelea kwamba ataacha kabisa kutafuta msaada. Je, mliokwisha kukutana na hali kama hii mliwekaje mipaka bila kumvunja moyo mhusika, na wenzake mliwaeleza nini pasipo kufichua siri zake?