Mkutano wa kuacha pombe: aanzie wapi?

Swali: Kaka yangu ameamua kuacha pombe na anataka kwenda Alcoholics Anonymous (AA), vikundi vya watu wanaosaidiana kuacha pombe. Mikutano inapatikanaje? Naruhusiwa kumsindikiza?

Jibu 1: Kabla ya mkutano: kama anakunywa sana kila siku, asiache ghafla bila kumwona daktari. Mitetemo huanza ndani ya saa chache, degedege huweza kuja ndani ya saa 48, kisha kuweweseka. Hali hiyo inaua, tafadhali usiichukulie kirahisi.

Jibu 2: Tafuta ratiba kwenye tovuti ya AA ya nchi yenu, halafu piga simu kuthibitisha. Ratiba hupitwa na wakati, na mgeni akikuta mlango umefungwa anaweza asirudi tena. Mkutano wa wazi hupokea yeyote, kwa hiyo msindikize. Uliofungwa ni wa wenye nia ya kuacha pombe tu. Hakuna ada wala kujiandikisha, na kapu la mchango likipita halimlazimishi mgeni. Huchukua dakika 60 hadi 90. Jina la kwanza linatosha, na akiombwa kuzungumza aseme tu, "Leo nasikiliza." Asiondoke bila namba za simu za watu 2 au 3, maana hamu ya kunywa haingoji siku ya mkutano.

Jibu 3: Vikundi hutofautiana sana, asikate tamaa kwa kimoja. Lugha ya kiroho ya AA ikimpa shida, kuna SMART Recovery, vikundi vya kusaidiana visivyotumia lugha hiyo. Nawe pia unahitaji msaada: Al-Anon ni ya ndugu na marafiki wa walevi, tangu 1951.