Mstari ulioandikwa "akiba" kwenye mizania uhesabiwe kuwa mtaji?

Mhasibu wa Mafinga: Ndugu zangu, kiwanda kimoja cha mbao huku kwetu, ambacho zaidi ya robo ya umiliki wake imo mikononi mwa wasio wakazi, kimebanwa na kifungu cha 12 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania, kinachokataa kupunguza mapato yanayotozwa kodi kwa riba ya mkopo unaozidi uwiano wa 7 kwa 3 dhidi ya mtaji. Chini ya mtaji upo mstari wa "Akiba ya kiinua mgongo", shilingi milioni 400 kamili. Mkaguzi wa kodi ameuondoa kwenye hesabu ya mtaji, na mkopo unaokubalika umeshuka kwa takriban milioni 933. Je, ni halali?

Mkaguzi Mwanjelwa: Ni halali. Sheria inataja mtaji wa hisa uliolipwa, ziada ya bei ya hisa na faida iliyolimbikizwa. Kiinua mgongo ni haki ya mfanyakazi, na kiasi kinachotengwa kwa ajili yake hupunguza faida kabla haijalimbikizwa. Shida ni kwamba wahasibu wa Iringa mkikosa pa kukiweka kiasi, mnakibatiza akiba.

Binti Kihesa: Kamwene, kaka yangu wa Mbeya. Nimefunga hesabu za mashamba ya chai Mufindi, na hakuna aliyenifundisha kubatiza chochote. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 37, kinachohusu kutenga fedha kwa madeni yasiyo na kiasi kamili, kinataka wajibu uwepo tayari, malipo yatarajiwe na kiasi kikadirike. Hayo tunayajua huku bila kupanda basi kuja kuyauliza Mwanjelwa.

Mkaguzi Mwanjelwa: Dada, hicho cha 37 hakishughulikii kiinua mgongo, mafao ya wafanyakazi yako kwenye namba 19. Nilisema mnabatiza, nawe umekuja na cheti cha ubatizo cha mtoto mwingine.

Mzee wa Tukuyu: Punguzeni ukali, wanangu. Mahakama ya Juu ya India, katika shauri la Vazir Sultan Tobacco mwaka 1981, iliukabili ugomvi huu huu kwenye kodi yao ya faida iliyozidi. Ilisema jina la mstari halitoshi: kilichotengwa kwa deni linalojulikana si akiba, lakini kikizidi mahitaji ya kweli, ile ziada huhesabiwa akiba. Sasa tazameni hiyo milioni 400 kamili. Nani aliyewahi kukokotoa mishahara na miaka ya utumishi ya watu wote akapata namba isiyo na mkia?

Binti Kihesa: Shikamoo Mzee. Kumbe hiyo namba inawatetea wa Mafinga: sehemu isiyo na deni nyuma yake ni faida iliyowekwa kando, irudi kwenye mtaji.

Mkaguzi Mwanjelwa: India si Tanzania. Sheria yetu haikutaja akiba, imetaja faida iliyolimbikizwa.

Binti Kihesa: Na faida iliyowekwa kando imelimbikizwa wapi, kaka, sokoni Mwanjelwa?

Mhasibu wa Mafinga: Orodha ya wafanyakazi ninayo, ila wengi ni vibarua wa msimu ambao mikataba yao haina kiinua mgongo.

Mzee wa Tukuyu: Basi kokotoa wale wenye mkataba peke yao, mwanangu, kisha umpelekee mkaguzi namba yenye mkia.