Siku moja Lisbon: Makumbusho ya wanamaji Belém au merikebu ya Cacilhas?

Mwana_Tanga: Ndugu wanachama, mwezi ujao nitapita Lisbon nikiwa na siku moja tu, nami nimeazimia kuitumia kujifunza historia ya Wareno baharini, kwa kuwa imeigusa pwani yetu kuanzia Kilwa hadi Pate. Je, niende Museu de Marinha, yaani makumbusho ya wanamaji, yaliyoko mtaa wa Belém, au nivuke mto hadi Cacilhas kuiona merikebu ya kivita Dom Fernando II e Glória?

Bi_Forodhani: Kaka, nenda Belém. Makumbusho hayo, yaliyoanzishwa mwaka 1863 na kuhamia katika monasteri ya Jerónimos mwaka 1962, yanahifadhi sanamu ya mbao ya malaika Rafaeli iliyosafiri katika São Rafael, merikebu iliyoongozwa na Paulo, nduguye Vasco da Gama. Waliporejea kutoka India mapema mwaka 1499, kiseyeye kilikuwa kimeua mabaharia wengi mno, na waliosalia hawakutosha kuendesha vyombo vitatu. Basi wakaiteketeza São Rafael katika pwani yetu, kusini mwa Mombasa, sanamu ikanusurika. Kwa mtu wa Tanga, hicho si kitu cha kupita haraka. Kaburi la Vasco nalo limo katika kanisa la monasteri hiyohiyo.

Baharia_Mstaafu: Naheshimu maoni ya dada, lakini mimi niliyefanya kazi melini naitanguliza Cacilhas. Belém kuna mifano mingi ya vyombo, tena mizuri, ila Cacilhas unapanda chombo chenyewe. Kiliundwa kwa msaji huko Daman, India, kikashushwa majini mwaka 1843, kikaungua mwaka 1963, na gofu lake likalala topeni mtoni Tagus kwa miaka mingi kabla ya ukarabati uliokamilika mwaka 1998. Shuka hadi sitaha ya mizinga, uone jinsi watu walivyokula na kulala palepale walipopigania. Kivuko kutoka Cais do Sodré, kituo cha treni na vivuko upande wa Lisbon, huchukua takribani dakika 10.

Mwalimu_wa_Lamu: Shikamoo mzee. Nami naipenda merikebu hiyo, ila kwa safari ya kwanza naunga mkono Belém, mradi mgeni aende akijua kwamba Vasco alivushwa hadi Calicut, India, mwaka 1498 na rubani aliyempata Malindi. Ukiweza, ndugu, pitia kwanza Ngome ya Yesu, Mombasa, uvione vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanna, merikebu ya Wareno iliyozama chini ya ngome mwaka 1697 Waomani walipoizingira. Ukivitazama hivyo kwanza, Belém itakuwa na maana zaidi.

Mwana_Tanga: Ahsanteni sana. Mombasa nitapita wiki ijayo. Lisbon nitaanza na Belém asubuhi, kisha nichukue treni hadi Cais do Sodré na kuvuka mchana. Muda ukibana, nitaacha banda la mashua za kifalme la makumbusho ya Belém, lakini sanamu na sitaha ya mizinga sitaviacha.