Tupeane uzoefu: NAS inajizima au haiwaki kabisa, kupima na kubadilisha adapta

Mita Mkononi:
Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wenye NAS nyumbani, ile mashine ya diski mbili au nne inayokaa pembeni ya rauta ikitunza picha, filamu na nakala za kompyuta za familia. Ukiacha diski zenyewe, kinachochoka mapema ni adapta, na ndiyo watu wanayoikagua mwisho. Mtu ananunua diski mpya kwa hela nyingi, anaiweka, ugonjwa unabaki palepale. Wenye ujuzi tuwekeane vipimo hapa: dalili, namna ya kupima, cha kununua, na kinachoharibika mtu akikosea.

Naanza na dalili. Adapta iliyokufa kabisa haisumbui kuitambua: hakuna taa, hakuna feni. Inayosumbua ni iliyochoka. NAS inawaka, feni inazunguka, halafu diski zinapoanza kuzunguka inajizima na kuanza upya. Au inatulia mchana kutwa, kisha usiku ikianza kunakili data au kukagua RAID (mpango wa diski kadhaa kufanya kazi kama kundi moja), diski moja inatolewa kwenye kundi.

Sababu ni hii. Diski ya inchi 3.5 inapoanza kuzunguka huvuta ampea 1.5 hadi 2 kwenye laini ya volti 12. Ikishakolea, inatumia kama nusu ampea au pungufu. Diski 4 zikiamka kwa pamoja ni ampea 6 hadi 8, ndiyo maana NAS nyingi huziamsha moja baada ya nyingine. Adapta ambayo kapasita zake (vipande vinavyohifadhi chaji na kutuliza volti) zimekauka hutoa volti 12 safi ikiwa haina mzigo, ikibebeshwa inaporomoka.

Dada wa Seva:
Naongezea kwenye dalili. Kabla ya kufungua chochote, ingia kwenye SMART (ripoti ya afya) ya kila diski uandike namba tatu: 12, idadi ya kuwashwa, 192, vichwa kurudishwa kwa dharura umeme ulipopotea, na 199, makosa ya mawasiliano kati ya diski na bodi. Rudia kuangalia baada ya siku chache.

Namba 12 ikipanda wakati NAS yenyewe haijazimwa, umeme unakatika kwenye diski huku bodi ikiendelea. Baadhi ya diski huhesabu 192 hata zikizimwa kwa utaratibu, kwa hiyo tazama inavyopanda ukilinganisha na mara ulizozima mwenyewe. 199 ikipanda kwenye nafasi moja tu, toa trei, safisha kiunganishi, hamishia shaka huko. Na 5 (sekta zilizobadilishwa) au 197 (sekta zinazoshukiwa) zikipanda kwenye diski moja, hiyo ni diski mbovu kweli, msiisingizie adapta.

Kapasita 105:
Kupima. Kuchomeka mita kwenye plagi ya adapta isiyo na mzigo hakusaidii, itasoma 12.1 na mtu ataapa kwamba ni nzima. Ibebeshe mzigo. Wa bei rahisi ni balbu za breki za gari, volti 12 wati 21, zinazouzwa kila duka la spea. Moja inavuta karibu ampea 1.75. Kwa adapta ya ampea 5, unga mbili sambamba, upate ampea 3.5, uziache dakika 15 hadi 20 huku mita ikisoma palepale kwenye plagi. Ikishuka chini ya 11.4, au ikianza vizuri halafu ikazidi kushuka kadiri inavyopata moto, hiyo haifai tena. Mwanga wa balbu ukipepesa, hapo huhitaji hata mita.

Msianze na balbu ya taa kubwa ya mbele, wati 55. Waya wake ukiwa baridi huvuta mara nyingi zaidi ya kiwango chake kwa kitambo kidogo, na adapta nzima kabisa inaweza kujikinga na kuzima. Utaitupa bure. Balbu hizo mbili nazo washa moja kwanza, ikishawaka ndipo uongeze ya pili. Ziweke juu ya kigae au bati, zinaunguza meza.

Mwana Luthuli:
Upande wa kununua. Soma kibandiko cha adapta ya zamani mstari wa OUTPUT. Volti lazima zilingane, ampea zilingane au zizidi. NAS za diski mbili kama Synology DS220+ hutumia 12V 5A, wati 60. Za diski nne kama DS920+ hutumia adapta ya wati 100, yaani 12V 8.33A, yenye plagi ya pini 4.

Adapta ya laptopu msiiguse, nyingi ni volti 19, na plagi nyingine zinaingia vizuri tu kwenye NAS. Vilevile plagi za duara zinachanganya: 5.5 kwa 2.1 na 5.5 kwa 2.5 milimita kwa nje ni sawasawa. Tundu la 2.5 kwenye pini ya 2.1 linaingia lakini linalegea. Mguso ukiwa mbaya plagi inapata moto, na NAS inajizima ukigusa waya tu, dalili zilezile za adapta mbovu.

Adapta za kamera za CCTV zinazojaa maduka ya Luthuli, Nairobi, na Kariakoo, Dar es Salaam, zinaandikwa 12V 5A, ila nyingi ni nyepesi mno na hazifiki hapo. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aiwashe na balbu mbili alizosema Kapasita 105. Mwenye bidhaa nzuri hatakataa.

Tanga Mjini:
Mkuu, nikiweka ya ampea 8 kwenye NAS ya ampea 5 haitaunguza?

Mwana Luthuli:
Haiunguzi. NAS inavuta inachohitaji. Kinachounguza ni volti kuzidi au chanya na hasi kupishana.

Mita Mkononi:
Hapo kwenye chanya na hasi, plagi ya pini 4 ndiyo inayoua NAS nyingi. Kwa kawaida pini mbili ni chanya na mbili hasi, lakini mpangilio haufanani kwa kila mtengenezaji. Adapta mbili zenye plagi inayofanana kabisa zinaweza kuwa zimepishana. Kama ya zamani bado inatoa umeme, ipime na uchore mahali pa chanya. Kama imekufa, pima upande wa NAS ikiwa imechomolewa kila kitu: weka mita kwenye mlio, ncha moja kwenye chuma cha nje cha tundu la USB, nyingine kwenye kila pini ya tundu la umeme. Zinazolia ni hasi. Kisha pima adapta mpya uone kama inafuata mchoro huo, ndipo uchomeke.

Kapasita 105:
Kwa NAS kubwa zenye pawasaplai ya ndani: nyingi hutumia umbo la Flex ATX, milimita 150 kwa 81.5 kwa 40.5, feni ya milimita 40. Ichomoe kwenye bodi, unga waya wa kijani na mweusi wowote, ipate mzigo kidogo. Njano iwe 12, nyekundu 5, ya machungwa 3.3. Zambarau iwe 5 hata kabla ya kuunga kijani. Ikikosekana hiyo ya zambarau, kitufe cha kuwasha hakitafanya kitu. Rangi hizi si sheria kwa kila kampuni, wengine wana viunganishi vyao wenyewe, kwa hiyo linganisha pini kwa pini kabla ya kuweka mbadala.

Kufungua pawasaplai yenyewe ni kazi ya fundi. Kapasita kubwa ya upande wa umeme wa ukutani hubeba volti 325 au zaidi na inaweza kubaki nazo baada ya kuchomoa. Kama unabadilisha za upande wa volti 12, tafuta za nyuzi joto 105, za ukinzani mdogo wa ndani, volti zisipungue za mwanzo. Adapta za plastiki zilizogundishwa, ushauri wangu ni kununua nyingine. Haifungiki tena salama.

Dada wa Seva:
Kuna ugonjwa unaofanana na wa adapta lakini siyo. Synology DS415+, DS1515+ na DS1815+ zina prosesa ya Intel Atom C2538, ya ule ukoo wa C2000 ambao Intel ilikiri kasoro yake mwanzoni mwa 2017. Taa ya bluu inapepesa bila kukoma, feni inazunguka, NAS haionekani kwenye mtandao, na adapta ikipimwa ni nzima. Mafundi huongeza resista ya omu 100 kwenye bodi ikaamka tena. Itumieni kuokoa data, msitegemee mashine hiyo kwa miaka.

Sasa kubadilisha. Bandika namba kwenye kila diski kulingana na nafasi yake, vuta trei zote nje kama sentimita mbili, kisha washa NAS na adapta mpya ikiwa haina diski. Ikikaa bila kujizima, zima, rudisha diski kwa mpangilio uleule, washa. Ikikuuliza kama uandae diski upya, usikubali. Zima, hakikisha trei zimeingia hadi mwisho. Ikishatulia, endesha ukaguzi wa RAID ukiwa karibu, maana hapo diski zote zinafanya kazi pamoja na adapta inajaribiwa kweli.

Ikiwa bado ina dhamana, omba adapta peke yake kwanza. Wakidai mashine nzima, itume bila diski.

Tanga Mjini:
Na umeme wa kwetu unaokatika na kurudi kwa nguvu?

Mita Mkononi:
UPS (betri ya akiba) yenye waya wa USB kwenda kwenye NAS, uiweke izime kwa utaratibu betri ikibaki kidogo. Adapta za zaidi ya wati 75 kwa kawaida hurekebisha zenyewe namna zinavyovuta mkondo (PFC), na baadhi hazielewani na UPS za bei ndogo zinazotoa umeme wa wimbi la ngazi badala ya wimbi laini, kwa hiyo jaribu kwa kuchomoa UPS ukutani kabla ya kuiamini. Kama huna UPS, tumia kifaa cha kulinda friji kinachosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme, na kwenye mipangilio ya NAS zima kipengele cha kujiwasha umeme unaporudi.