Naomba ushauri: mtoto wa miaka 6 amerudia kukojoa kitandani

Wakuu, habari za kazi. Binti wa miaka 6, kilo 18, alishaacha kukojoa kitandani kwa miaka 2. Sasa wiki ya tatu godoro linaanikwa kila asubuhi. Hana homa, haumii akikojoa, mkojo hauna sukari. Kijiti cha kupimia mkojo kimeonyesha seli nyeupe ++ (dalili ya uvimbe au maambukizi) bila naitraiti (kemikali inayotengenezwa na bakteria wengi wa mkojo), ila sampuli ilitolewa nusu saa tu baada ya kukojoa mara ya mwisho, na naitraiti hutaka mkojo ukae kibofuni kama saa 4. Choo hupata kila siku ya nne, kigumu kama cha mbuzi; shuleni hubana mkojo (vyoo vyenyewe mnavijua). Mkojo wa asubuhi umepelekwa maabara kuoteshwa kuona kama una bakteria, majibu siku 2. Nianze antibiotiki leo, au nisubiri huku nikilainisha choo kwa laktulosi mililita 5 mara 2 kwa siku?