Mrejesho: vitambulishi vya ghalani sasa vinapokezana

Ndugu zangu, mwezi jana niliuliza kwa nini vitambulishi 40 vya redio (vifaa vidogo vya kuonyesha toroli liko wapi) tulivyofunga kwenye matoroli ya ghala letu, Industrial Area, vinadanganya. Toroli liko mlangoni, ramani inasema liko nyuma ya rafu. Aliyeniambia niangalie zamu za kutuma ishara alipiga ndipo. Asante sana.

Vyote vilituma ishara vinapotaka, zikagongana hewani na kuvuruga vipimo vya muda. Mahali pa toroli hupatikana kwa kulinganisha muda ishara inapofika kwenye vipokezi kadhaa, na redio husafiri takriban sentimita 30 kwa nanosekunde 1 (sehemu moja ya bilioni ya sekunde). Ukikosea nanosekunde 10 tu, hizo ni mita 3: rafu nyingine kabisa!

Sasa kila kitambulishi kina nafasi yake ya kutuma ya milisekunde 2 (milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde), na zamu zinaanza upya kila milisekunde 100. Toroli lililosimama hutuma kila baada ya sekunde 10, betri nazo zimepata ahueni. Kwenye 5G pia ni mtandao unaoipangia simu itume lini na kwa masafa yapi.

Imebaki kona ya mabati, ishara zinarudi kama mwangwi. Jumamosi nahamisha kipokezi kimoja. Kona hiyo inaninyima usingizi.