Je, mimea ya ndani husafisha hewa ya chumba kweli?

MamaWawili:
Ndugu zangu, naomba mawazo yenu. Miezi miwili iliyopita tulikipaka rangi chumba cha watoto na kuweka humo kabati jipya la mbao za kubanwa. Tangu wakati huo chumba kina harufu inayochoma macho, hasa asubuhi kabla ya madirisha kufunguliwa. Kitinda mimba wangu ana pumu, kwa hiyo jambo hili linaninyima usingizi. Nilisoma kwamba NASA, shirika la anga la Marekani, lilithibitisha kuwa mimea huondoa sumu hewani, nikanunua vyungu tisa: Sansevieria, ule wenye majani yaliyosimama kama panga, Epipremnum inayotambaa, na Spathiphyllum yenye ua jeupe. Harufu haijapungua hata kidogo. Je, niongeze mimea au nimekosea aina? Tena mama mkwe wangu anasisitiza kwamba mimea haifai kukaa chumba cha kulala kwa sababu usiku huwanyang'anya watu hewa.

MwalimuWaSayansi:
Pole sana, dada. Utafiti uliousoma upo. Ulitolewa mwaka 1989 na B. C. Wolverton pamoja na wenzake, katika jitihada za kutafuta namna ya kusafisha hewa ndani ya makazi ya anga yaliyofungwa kabisa. Waliweka mmea ndani ya sanduku lisilopitisha hewa, wakaingiza gesi zenye sumu, yaani benzini, fomaldehidi au trikloroethilini, kisha wakapima kiasi kilichobaki baada ya saa kadhaa. Kiasi kilipungua kweli. Tatizo lilianza pale wasomaji walipoyachukua matokeo ya sanduku na kuyahamishia sebuleni.

Ndani ya sanduku hewa haina pa kutokea, kwa hiyo hata mmea unaofanya kazi polepole hupata muda mrefu wa kuishughulikia hewa ileile. Chumba ni tofauti: hewa huingia na kutoka saa zote kupitia madirisha, nyufa na chini ya mlango, na wakati huohuo rangi na kabati vinaendelea kutoa gesi mpya. Mwaka 2019, Bryan Cummings na Michael Waring wa Chuo Kikuu cha Drexel walikusanya matokeo ya majaribio 196 kutoka tafiti 12, wakayageuza yote kuwa kipimo kimoja, yaani kiasi cha hewa ambacho mmea mmoja husafisha kwa saa. Thamani ya kati ilikuwa mita za ujazo 0.023. Sasa tufanye hesabu pamoja. Chumba cha mita tatu kwa nne chenye kimo cha mita mbili na nusu kina mita za ujazo 30. Hewa yake ikibadilika nusu tu kwa saa, hiyo ni mita za ujazo 15. Ili mimea ilingane na kazi hiyo, ungehitaji vyungu zaidi ya 650. Vyungu vyako tisa, kwa kipimo hicho, husafisha takribani mita ya ujazo 0.2 kwa saa, na ndiyo maana pua yako haioni tofauti.

Kuhusu usiku, mama mkwe wako hajakosea anaposema kwamba mimea hupumua, lakini hewa ya ukaa inayotolewa na vyungu tisa ni ndogo mno ikilinganishwa na ile anayotoa mtoto mmoja aliyelala. Hilo lisikuhangaishe.

FundiSeremala:
Mimi naanzia kwenye kabati. Mbao za kubanwa hushikanishwa kwa gundi, na mara nyingi ni gundi yenye fomaldehidi, ambayo huendelea kuvuja kwa miezi mingi, kwa wingi zaidi mbao zikiwa mpya na chumba kikiwa na joto au unyevu. Mahali panapovuja zaidi ni kingo zilizoachwa wazi, matundu ya skrubu na upande wa nyuma ambao haukufunikwa. Litoe kabati nje ya chumba, lifungue milango na droo, liache mahali penye upepo na kivuli kwa wiki kadhaa, kisha zibe kingo zote kwa vanishi au utepe wa kingo kabla ya kulirudisha. Vanishi nayo ikauke kabisa nje. Kwa mtoto mwenye pumu, ningelitoa leo.

MtunzaBustani:
Nimeishi na mimea miaka mingi na naipenda kwa dhati, lakini nakubaliana na mwalimu. Ningeongeza kwamba sehemu kubwa ya kazi ile haifanywi na majani, bali na vijidudu vilivyomo kwenye udongo unaozunguka mizizi, na Wolverton mwenyewe alijaribu kutumia feni kuvuta hewa ipite kwenye udongo uliochanganywa na mkaa maalumu. Hicho tayari ni chombo, si chungu cha dirishani.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni umwagiliaji. Udongo unaolowa kila siku huota kuvu, na chembe za kuvu ni adui wa mwenye pumu. Acha udongo ukauke juu kabla ya kumwagilia tena, na umwage maji yanayotuama kwenye visahani. Vilevile, Epipremnum na Spathiphyllum zina chembe za oksalati ya kalsiamu zinazochoma kinywa na koo zikitafunwa, kwa hiyo ziwe mbali na mikono ya watoto.

MamaWawili:
Asanteni sana. Kabati limetoka, madirisha ya pande mbili yako wazi asubuhi na jioni, na vyungu vyote nimevihamishia sebuleni, vile vya aina mbili za hatari vikiwa juu kabisa. Swali la mwisho: mashine ya kusafisha hewa yenye kichujio cha HEPA itaondoa harufu iliyobaki?

MwalimuWaSayansi:
Kichujio cha HEPA hunasa chembe kama vumbi, chavua na moshi, jambo ambalo linaweza kumfaa mwanao, lakini gesi hupita humo bila kuzuiwa. Kwa harufu hiyo utahitaji mashine yenye pia kichujio kinene cha mkaa ulioamilishwa, yaani mkaa maalumu unaonasa gesi, kinachobadilishwa kinapojaa. Kabla ya kuinunua, mweleze daktari wa mtoto kuhusu rangi na kabati.